Gari Lenye Jina Langu

Basi la shule yetu ni la manjano, na sheria inalikataza kuwa barabarani giza likishaingia. Mimi ndiye niliyeikumbusha kamati jambo hilo, tena kwa furaha ambayo hakuna aliyeielewa. Mwalimu Gladwell, mlezi wa kidato cha nne, alivua miwani akaniangalia. Karamu yetu ya kuaga shule, ambayo sote tuliiita prom kwa sababu neno karamu lilinukia pilau ya harusi, ilikuwa ifanyike Embu mjini pamoja na shule moja ya huko iliyotualika. Kutoka Nkubu mpaka Embu si hapa na pale, na basi likitushusha jioni lingerudi shuleni usiku. Ilibidi tukodi gari.

"Anko wangu ako na pikapu ya miraa," alisema Mutuma, ambaye hakujua kufunga mdomo tangu kidato cha kwanza. "Shida ni moja. Itabidi tufungwe na majani ya ndizi, na hiyo gari haijui kusimama kabla ya Nairobi."

Tulicheka. Mwingine akataja basi la kanisa, lakini dereva wake hakubali muziki wowote ila kwaya, na ukicheza hata bega anakusemea kwa pasta. Nikawaacha wazungumze mpaka wakachoka. Kisha nikasema, kama mtu ambaye wazo limemjia sasa hivi, kwamba kuna matatu moja ya Embu, nyeupe, safi, dereva wake ni mtu mzima na haendeshi kiwazimu. Inaitwa Wambeti. Namba ya simu imeandikwa nyuma.

"Ati Wambeti!" Mutuma akapiga meza. "Wambeti, kumbe uko na gari na unatembea kwa miguu?"

Wambeti ni mimi. Lenah Wambeti, ila Lenah lilibaki kanisani na kwenye vyeti. Nkubu kuna akina Kendi na Gatwiri na Gatakaa tele, lakini Wambeti ni jina la Embu, na mtu akilisikia kwetu huuliza papo hapo kama baba yangu ni wa kule. Kwa desturi, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba. Kwa hiyo nilikuwa na jina la nyanya nisiyewahi kumwona, nililopewa na baba ambaye uso wake siukumbuki. Jina lake ni Njagi. Aliondoka kabla sijajua kutembea vizuri.

Mama, Kendi wa ndizi kama wanavyomwita sokoni, hakumsema vibaya hata siku moja. Hakumsema kabisa, na mimi naona hilo lilikuwa baya zaidi. Ningemsikia akitukanwa angalau ningejua ni mrefu au mfupi.

Nilikuwa bado shule ya msingi siku nilipoliona lile gari. Nilikuwa nimeketi na mama kwenye meza yake kando ya barabara, likapita kutoka upande wa Embu, na juu ya kioo cha mbele limeandikwa WAMBETI kwa herufi nyekundu. Nikaruka. "Mama, ona, jina langu!" Mama akatazama, akamwona dereva, akaliangusha fungu zima la maparachichi. Jioni nilimuuliza na kumuuliza mpaka akachoka. "Ndiyo. Ni yeye. Usinisumbue tena," akasema, akaenda kufunga mbuzi ambaye tayari alikuwa amefungwa.

Toka siku hiyo nikawa na baba. Si baba wa kukaa naye mezani, lakini baba. Mtu haandiki jina la mtoto wake juu ya gari, mahali ambapo Embu yote na Meru yote inalisoma, kama amemsahau. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nilijiambia kila jioni nikisimama kando ya barabara kwa sare ya shule, nikilingoja lipite. Nilikuwa napunga mkono. Yeye alikuwa anapiga honi. Najua, matatu humpigia honi kila kiumbe aliyesimama kando ya lami, hata ng'ombe. Mimi si mjinga. Lakini honi ile niliibeba mpaka nyumbani.

Utauliza kwa nini sikulisimamisha nikapanda. Kwa sababu nina kiburi. Sikutaka kwenda kujieleza kama mtu anayeomba kazi. Nilitaka anitazame, anijue mwenyewe, aseme jina langu. Sasa shule ilikuwa inaisha, na sikuwa na sababu nyingine ya kusimama barabarani jioni. Prom ndiyo ilikuwa nafasi yangu.

Nilimpigia simu nikiwa nyuma ya maktaba.

"Hallo, nani mwenzangu?" Sauti nyembamba kidogo, ya mtu mwenye subira.

"Ni katibu wa kamati ya prom," nikasema, kama kwamba hicho ni kitu kikubwa serikalini. Nikamweleza. Akauliza maswali ya maana: tuko wangapi, mwalimu atakuwepo, tutalala wapi. Nilipotaja Nkubu nikasikia akizima redio.

"Nkubu napajua," akasema. "Sawa, mwari. Nitakuja mwenyewe."

Mwari ni binti. Ndivyo mtu mzima wa Embu au Meru anavyomwita msichana yeyote, hata asiyemjua. Nililijua hilo vizuri, na bado nilibaki nimeshika simu baada ya yeye kukata.

Mama nilimwambia jikoni. Alikuwa anamenya ndizi za kupika, akaendelea kumenya.

"Magari ya Meru yote yameisha?"

"Hii ni safi, mama."

"Wewe mwari, usinichezee. Unataka nini kwake?"

"Nataka anijue."

"Na asipokujua?"

Nikamjibu kwa ujeuri: kwamba yeye kama mama alikuwa na miaka yote hii ya kunitafutia njia nyingine na hakuitafuta. Mama alinawa mikono utomvu ukakataa kutoka. Kisha akanipokonya gauni langu la kijani, la mtumba, lililokuwa pana kiunoni, akaketi mlangoni akaanza kulipunguza kwa sindano. Alilishona vizuri sana.

Siku yenyewe, Ijumaa, niliwaomba wenzangu kitu kimoja: leo niiteni Lenah. Wakadhani ni maringo ya prom. Wasichana wengine walikuwa wamebandika kucha, mimi nimebandika jina, kuna ubaya gani? Ukweli ni kwamba sikutaka asikie jina kutoka kwa mtu. Nilitaka alitoe mwenyewe.

Gari likaingia uwanjani mchana jua likiwa kali. Dereva akashuka. Alikuwa mfupi kuliko yule niliyekuwa nimemjenga kichwani, na shati lake limepigwa pasi ya nguvu. Alikuwa na masikio yangu. Masikio haya haya yaliyochomoza, ambayo Mutuma ameyatania tangu kidato cha kwanza. Nilitamani kucheka na kulia, nikabaki nimesimama na mkoba.

"Hamjambo, watoto. Hujambo, mwari," akasema, akanipita kwenda kuwasalimia wengine.

Sasa Mutuma, kwa kutaka gari lipendeze, alikuwa amenunua tepe na tayari amezifunga kwenye vioo vya pembeni na mbele kwenye boneti. Tepe nyekundu. Njagi alisimama akaziangalia.

"Kijana, ni nani amekufa?"

"Hakuna, mzee. Ni prom."

"Hii rangi huku tunafunga tukienda kuzika. Tukitoka hivi, kutoka hapa mpaka Chuka watu watakuwa wanavua kofia, na magari yatatupisha yakidhani tumebeba maiti."

Watu walicheka mpaka Mwalimu Gladwell akashika mbavu. Njagi hakumcheka Mutuma. Alifungua tepe moja moja polepole, akazikunja, kisha akatoa nyingine za buluu kwenye kijisanduku kilicho mbele ya kiti. "Hizi zilibaki siku ya kubariki gari," akasema.

Nikapata ujasiri sijui kutoka wapi. "Wambeti ni jina la nani?"

"La binti yangu," akajibu, akiendelea kufunga. "Kifungua mimba wangu."

Wasomaji, mimi sina maneno ya kueleza. Alilisema wazi mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja mvua. Binti yangu. Kifungua mimba. Nilijishikilia kwenye mlango wa gari. Nilitaka kukimbia mpaka sokoni nimwambie mama aache ndizi zake.

Nilikuwa nimejihakikishia kiti cha mbele, maana mimi ndiye niliyekodi. Mwalimu Gladwell alikaa dirishani, mimi katikati, karibu na dereva. "Mwari, funga mkanda," akasema. Nikafunga. Ukucha wa kidole gumba chake ulikuwa mpana na mfupi kama wangu. Tukapita Igoji, tukapita Chogoria, nyuma wanaimba na kupigana picha, mimi sikugeuka hata mara moja. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, wala sidhani nilikuwa naificha vizuri. Nilikuwa nikimtazama akibadilisha gia, nikiwaza kwamba huyu mtu alinibeba, mikono hii, hata kama ni kidogo tu.

Baada ya Chuka nikamuuliza tena. "Huyo binti yako, ni mpole?"

"Nani, Wambeti?" Akacheka, mara ya kwanza. "Mkali! Kama nyanya yake tu. Lakini anapenda hii gari. Akiiona barabarani ni lazima apunge mkono. Na mimi nisipopiga honi, nimekosa."

Nikageuza uso upande wa Mwalimu Gladwell ili Njagi asinione. Alikuwa ameniona. Jioni zote zile, na vumbi lote lile, alikuwa ameniona. Nikaamua nikifika Embu nitamwambia. Kiburi kiende zake, nitasema, baba, ni mimi niliyekuwa napunga.

Tukavuka daraja la Thuci, tukaingia Embu. Karibu na Runyenjes akapunguza mwendo.

"Madam, utaniruhusu nisimame hapa dakika kidogo? Nimpe mtoto viatu vyake. Nimevibeba tangu asubuhi."

Mwalimu akakubali. Gari halijasimama vizuri, mtoto wa kike akaja mbio kutoka kwenye kibanda cha maziwa, anapunga mikono yote miwili, akaparamia upande wa dereva akaning'inia dirishani. Alikuwa na jino moja lililong'oka, na yale masikio.

"Baba!"

Njagi akageuka nyuma, uso umemng'aa, akawaambia wote: "Haya, mliuliza. Huyu ndiye mwenye gari. Wambeti, salimia watu."

Nilisoma zile herufi upya, kutoka ndani, ambako zinaonekana kinyume. Desturi niliijua tangu zamani, nilikuwa nimeisahau kwa makusudi: mwanamume akianza nyumba nyingine, majina nayo huanza upya. Binti wa kwanza wa nyumba ile naye hupewa jina la nyanya yule yule. Hakuna aliyeniibia kitu. Kila kitu kilifanywa sawasawa.

"Mzee, hapana!" Mutuma akapaza sauti kutoka nyuma, maskini, akidhani anafurahisha. "Mwenye gari tuko naye huku! Wambeti, kwani umenyang'anywa gari?"

Wakacheka wote. Yule mtoto akaingiza kichwa ndani. "Wambeti ni nani?"

Wote wakaninyooshea vidole. "Ni mimi," nikasema.

Macho yakamtoka kwa furaha. "Tunaitwa sawa! Wewe ulipewa jina la nani?"

Hilo ndilo swali ambalo kila mtoto wa kwetu huuliza akikutana na wajina wake. Ningeweza kudanganya. "La nyanya yangu. Mama wa baba."

"Hata mimi! Cucu wako, huyo nyanya, anakaa wapi?"

Nikamtazama Njagi. Mkono wake ulikuwa juu ya gia na haukusogea. "Huku huku Embu," nikasema.

Mwalimu Gladwell, ambaye alikuwa mwepesi kuliko sisi sote, akageuka akatazama nje. Nyuma walikuwa bado wanapiga kelele. Njagi alinitazama. Alinitazama masikio, akanitazama mikono iliyoshika mkoba, akanitazama usoni kwa muda mrefu, na nikaona amenijua. Nilikuwa nimeingoja dakika ile maisha yangu yote na ilipokuja nilitaka kushuka nitembee.

"Wewe ni wa Nkubu kabisa?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ndiyo."

"Pale sokoni?"

"Mama anauza ndizi."

Akafungua mdomo.

"Baba, viatu," akasema mtoto.

Akainama chini ya kiti akatoa viatu vyeusi vya shule, vipya, akampa. Mtoto akavikumbatia. Aliniambia kwaheri kwa jina, Wambeti kwa Wambeti, akicheka mwenyewe. Nilimchukia. Kisha tukaondoka, nikageuka kumwangalia mpaka akapotea, na chuki yote ikawa imeniishia. Nilichobaki nacho ni kutamani angeuliza swali lingine.

Kutoka hapo mpaka Embu mjini aliendesha polepole, malori yakatupita. Tulipofika hotelini akafungua mlango wa kando, akawashusha wenzangu, mmoja mmoja, angalieni hatua. Nikawa wa mwisho. Nilikuwa nimeshampa mgongo.

"Wambeti."

Nikageuka. Alikuwa ameshika zile tepe nyekundu za Mutuma, anazikunja na kuzikunjua. Nilimngoja. Naapa, kama angesema neno lolote, hata la kipumbavu, ningemsamehe pale pale, nikiwa ndani ya gauni langu la kijani.

"Kesho saa mbili asubuhi," akasema. "Gari litakuwa hapa."

Prom ilikuwa nzuri, waliniambia hivyo. Nilikula kuku, nilicheza na Mutuma akanikanyaga vidole, na mtu alinipiga picha nikicheka. Tulilala kwenye bweni la wenyeji wetu, jirani na hoteli.

Saa mbili asubuhi gari lilikuwepo, limeoshwa. Dereva alikuwa kijana nisiyemjua. Alisema anaitwa Antony, na kwamba Njagi amempigia alfajiri, hajisikii vizuri.

"Na Wambeti ni nani?" akauliza. "Ameniambia kiti cha mbele kisikaliwe na mtu mwingine. Cha dirishani."

"Amesema nini tena?"

"Hiyo tu."

Damu ilinipanda. Nilitaka kwenda kukaa nyuma kabisa, na kiti chake kiende kitupu mpaka Nkubu, watu wote wa njiani wakione. Mtu mzima mwenye masikio yake, anamtuma kijana alete kiti! Lakini Mwalimu Gladwell alichukua mkoba wangu, akauweka juu ya kile kiti, akaingia akakaa katikati. Nikaingia. Nilikaa dirishani.

Tulipokaribia Runyenjes nikamwona kabla ya Antony. Alikuwa kwenye kibanda cha maziwa na mtungi wake, amevaa viatu vipya vya shule Jumamosi, kwa kuringa tu. Alipoliona gari akauweka mtungi chini, akaanza kupunga mikono yote miwili, anarukaruka.

"Piga honi," nikamwambia Antony.

"Ya nini?"

"Piga!"

Akapiga. Nikatoa mkono nje hadi begani, nikapunga, nikapunga, upepo ukanivuta mkono nyuma, nikaendelea kupunga tulipompita na hata baada ya kona. Sijui kama aliniona. Ukiwa umesimama pale chini humwoni aliye ndani ya gari, unaona zile herufi tu.